Kazi Isiyopigwa Nyundo

Tangu daktari amchome mumewe umio kwa moto, Bi Cherehani alikuwa hodari wa kusikiliza mtu akimeza. Alimsikiliza akimeza mate, akimeza dawa, akimeza hasira. Asubuhi hiyo alikuwa ameinamia suruali ya mteja, mguu kwenye pedeli, aliposikia upande wa pili wa pazia mumewe anatafuna, anatafuna, kisha kimya. Kikapita kitambo. Halafu likaja funda kubwa la maji, sauti kama ya sinki lililoziba, na kikohozi cha mtu anayejitahidi asikohoe.

Mguu ukasimama.

"Baba watoto, vipi?"

"Vipi nini?"

"Umekwama?"

"Nani kakwama? Mtu akinywa maji tayari kakwama? Shona suruali za watu, mama."

Pazia lilikuwa na mwanya, na mwanamke hana dhambi kwa kuchungulia chumba chake mwenyewe. Alimwona mumewe ameketi ukingoni mwa kitanda, ndani ya ovaroli lililojaa matundu ya cheche, macho yamemtoka machozi. Bakuli la uji alilomwachia lilikuwa bado limefunikwa. Mkononi alikuwa na ganda la mkate wa jana, kile kipande cha mwisho kigumu ambacho hata watoto hukikimbia.

Hakuhitaji kuambiwa linafanya nini pale. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea, na kwenye karakana yake hakuna dirisha lililotoka bila kila kiungo kugongwa nyundo. Geti likikamilika alilipanda mwenyewe, kilo zake zote, akaning'inia na kulitikisa huku mwenye mali akishika kichwa. "Kazi isiyopigwa nyundo haijakwisha," ndivyo alivyosema kila siku, mpaka mtu ukatamani kumpiga yeye. Sasa alikuwa anagonga kiungo kilichomo kifuani mwake. Alianza na nyama ya ndani ya mkate, akaja kwenye maganda. Wiki iliyopita ganda lilipita kwa funda moja la maji. Leo lilihitaji kikombe kizima.

Bi Cherehani alitazama, kisha akafanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alirudisha mguu kwenye pedeli, akakanyaga kwa nguvu, mashine ikapiga kelele, asisikie tena.

*

Mtaani mumewe aliitwa Motomoto, na si kwa sababu ya ufundi wake. Ni kwa sababu ya chai. Aliinywa inatokota, wenzake wakiwa bado wanapuliza, yeye keshamaliza anadai nyingine. Kwa hiyo habari zilipoenea kwamba Motomoto ana saratani ya njia ya chakula, na kwamba atatibiwa kwa kuchomwa, watani hawakukosa la kusema. "Dawa ya moto ni moto!" wakamwambia. Akacheka nao, kicheko cha meno tu.

Daktari wake alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya baridi, asiyependa kuzungusha maneno. Aliwaeleza wote wawili siku ile ya kwanza. Ugonjwa ulikuwa bado mchanga, umekaa kwenye utando wa juu tu. Angeshusha mpira mwembamba wenye kamera, angedunga maji chini ya utando uinuke kama lengelenge, kisha angeuchoma.

"Daktari," Motomoto alisema, "mimi kazi yangu ni moto. Moto hauna breki. Ukichoma hapa, unasikika kule. Utajuaje umefika wapi?"

"Ndiyo maana ya yale maji. Joto likiyafikia linapungua nguvu, nyama ya chini inasalimika. Utando uliochomwa utakuwa mweupe, utabanduka, na chini yake utaota mpya. Lakini pale ambapo joto litazama zaidi, pataponea kwa kovu, na kovu huvuta, njia ikabana. Chakula kikianza kukwama, njooni siku hiyo hiyo. Msingoje."

"Na moto ukishindwa?"

"Moto ukishindwa, itabidi tupasue."

Maneno yote yale Motomoto aliyaacha palepale mezani kwa daktari. Aliondoka na hayo ya mwisho peke yake.

Na kulikuwa na jambo jingine, zito zaidi ya maneno ya daktari. Baba yake Motomoto alikufa kwa kushindwa kumeza. Alianza kwa kukwama nyama, akaja kukwama wali, akaja kukwama maji. Katika ukoo ule neno "kukwama" halikutamkwa mezani. Kwao kukwama hakukuwa dalili ya kitu; kulikuwa ndiko kufa kwenyewe, kumeshafika, kunavua viatu mlangoni.

*

Dada yake Motomoto ndiye aliyemlisha baba kwa kijiko mpaka kijiko kikakosa pa kwenda. Alikuja Jumamosi bila taarifa, akakaa kwenye kiti cha wateja, akazitazama suruali zilizotundikwa ukutani kana kwamba nazo zina makosa.

"Hajambo ndugu yangu?"

"Hajambo, wifi. Yuko uani ananawa, anakuja tule."

"Amekonda."

"Ni ule uji. Daktari alisema vyakula laini kwanza."

"Daktari." Wifi alilitema neno lile. "Nilisema tangu mwanzo, saratani haichokozwi. Ukiichoma unaiudhi. Lakini mimi ni nani? Mke ndiye aliyemshika mkono akampeleka kuchomwa kama kuku."

"Wifi, hakushikwa mkono. Alikubali."

"Mgonjwa anakubali chochote. Likitokea la kutokea, watu hawatamuuliza daktari. Watakuuliza wewe."

Motomoto aliingia akijifuta mikono, akamwamkia dada yake, akaketi. Siku hiyo mezani palikuwa na viazi na mchuzi wa nyama, kwa ajili ya mgeni. Alijichotea kama mtu asiyeumwa. Bi Cherehani alijifanya anatafuta chumvi.

Motomoto alimeza tonge la kwanza, likapita. La pili likachelewa. Alisimama, akazungusha mabega kama anayejinyoosha, likapita. La tatu alilitia kinywani, akatafuna, macho yakaganda kwenye kitambaa cha meza. Akainuka polepole, akasema kwa ishara kwamba amesahau kufunga bomba, akatoka uani. Wakamsikia. Maji ya bomba yalifunguliwa kwa nguvu ili yafunike, lakini hayakufunika.

Bi Cherehani aligeuka akitarajia masimango. Wifi hakuwa anasema kitu. Alikuwa ameshika kijiko hewani, mdomo umelegea, uso umepauka, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kujuana alionekana mzee. Alijua sauti ile. Aliwahi kuishi nayo.

Hapo ndipo Bi Cherehani alipoogopa kwelikweli. Wifi mwenye maneno angemweza, lakini huyu aliyenyamaza alimtisha.

Mgeni alipoondoka, alimkabili mumewe mlangoni.

"Kesho twende kwa daktari."

"Nina geti la watu. Niliweke kwanza."

"Daktari alisema tusingoje."

"Nikiliweka, tutakwenda. Siku mbili tatu. Geti haliwezi kubaki chini, mama, watu wana watoto na mali zao."

Angeweza kubishana. Alikuwa na ulimi wa kutosha na haki ya kutosha. Lakini alipofungua kinywa, akasikia kifuani mwake kitu kama nafuu. Siku mbili tatu zaidi za kutokujua. Siku mbili tatu ambazo mumewe bado ni fundi mwenye geti la watu. "Haya," akasema, na aliona aibu hata kabla neno halijamaliza kutoka.

*

Simu ilipigwa mchana na mwenye geti mwenyewe, mama mmoja wa nyumba nzuri mwenye sauti ya adabu.

"Njoo umchukue mumeo tafadhali. Anatoa mapovu."

Bi Cherehani alikwenda kwa pikipiki, na dereva aliambiwa "kimbia" mara nyingi kuliko inavyopendeza. Alimkuta mumewe nje ya ukuta, ameketi juu ya tofali la saruji, kopo tupu la rangi katikati ya magoti. Alikuwa ameinama juu ya kopo hilo, na mate yalikuwa yanamtoka mfululizo, membamba, hayakatiki. Hata mate yake mwenyewe hayakuwa na pa kupita. Nyuma yake geti jipya lilikuwa limesimama, zuri, limenyooka, na limefungwa. Lilifungwa yeye akiwa upande wa nje.

Mwenye nyumba alisemea katikati ya nondo.

"Samahani, mama. Tulimkaribisha chakula na mafundi wengine, mara akaanza hivi. Nina watoto wadogo humu. Sijui ni ugonjwa gani."

"Hauambukizi."

"Labda. Lakini hilo kopo msilirudishe." Akasita kidogo, akaona afadhali aulize. "Na rangi? Maana geti limebaki rangi. Nani atamalizia?"

Bi Cherehani alimpa kisogo. Alikuwa na majibu mengi, mengine ya matusi, na yote yangechukua muda ambao mumewe hakuwa nao. Akachuchumaa mbele ya tofali.

"Umekula nini?"

Motomoto aliinua kidole, akaonyesha ukubwa: ncha ya kidole gumba. "Nyama," akasema kwa sauti ya kuchemka. "Ndogo tu."

"Ulikuwa unajaribu?"

Akaitikia kwa kichwa. Bi Cherehani alitamani kumpiga kwa lile kopo, na alitamani kumbeba mgongoni. Akamfuta kidevu kwa upindo wa kanga yake, akamshika kwapani, wakainuka. Barabara nzima ilikuwa inatazama. Motomoto alilichukua kopo, akalikumbatia, akatembea nalo kama mtu aliyetumwa dukani.

*

Daktari alikitoa kipande cha nyama kwa mpira uleule wa kamera. Bi Cherehani aliitwa ndani mumewe akiwa bado analewalewa dawa ya usingizi, midomo imekauka, bangili ya plastiki mkononi.

"Nyama nimeitoa," daktari alisema. "Njia imebana sana. Tundu limebaki kama la kalamu. Nimelipanua kidogo kwa puto, sikuthubutu zaidi. Umio ukipasuka ni balaa kubwa kuliko hii. Kwa macho yangu naona kovu. Lakini macho hayatoshi. Nimekata vinyama vya umio, vitapimwa kama vina saratani."

Kati ya maneno yote hayo, Bi Cherehani alisikia "lakini".

"Alikuwa anakula nini tangu tumchome?"

"Uji, daktari. Na mchuzi. Na..."

"Maganda ya mkate," sauti ikatoka kitandani, imekwaruzika.

Daktari akageuka. "Maganda? Ya nini?"

"Kujaribu."

"Kujaribu nini?"

"Kazi yako."

Palikuwa na muuguzi pembeni anakunja nyaya, akaacha kukunja. Daktari alivuta kiti, akakaa usawa wa uso wa mgonjwa.

"Fundi, kazi yangu ilikuwa bado mbichi. Pale nilipochoma ni kidonda, tena kimezunguka njia nzima kama pete. Wewe kila asubuhi unakipitishia ganda linakikwaruza. Kile si chuma. Chuma ukikigonga kinakuambia kama kimeshika. Kidonda ukikigonga kinaumia tu, na huenda kovu likazidi."

Motomoto alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Na chakula kilipoanza kukwama, kwa nini hukuja? Ningepanua mapema, ungerudi nyumbani siku hiyo hiyo."

"Ulisema moto ukishindwa mtapasua."

"Nilisema na mengine."

"Hayo mengine sikuyasikia." Akageuzia uso ukutani. "Baba yangu alianza hivihivi."

Daktari alimtazama Bi Cherehani, kana kwamba anamuuliza: na wewe je, ulikuwa wapi? Pengine hakuuliza hivyo. Pengine alikuwa amechoka tu. Lakini Bi Cherehani alikwisha kujibu moyoni, na jibu lenyewe halikuwa zuri.

*

Kungoja majibu kuna adabu zake mbaya. Watu husema kwa sauti ya chini hata wanapoomba chumvi. Watoto wao wawili, waliokuwa mbali kikazi, walipiga simu kila jioni, na kila jioni wakaambiwa baba amelala, naye baba ameketi palepale amekodoa macho. Motomoto alikunywa supu iliyochujwa, akalamba kijiko, akasema ni tamu, na hakuwa na haja ya kusema hivyo. Hakwenda karakana. Aliuzungukia mlango wa chumba, akikaza bawaba ambazo hazikulegea.

Wifi alikuja akasafisha nyumba nzima bila kuombwa. Alifua mapazia. Alipanga viti kwa namna ambayo Bi Cherehani aliielewa mara moja: nafasi katikati, viti kandokando, kama watakuja watu wengi. Bi Cherehani alivipanga upya vilevile vilivyokuwa, wifi akavirudisha. Walivuta viti vile mchana kutwa, wanawake wawili wazima, kila mmoja akimwogopa mwenzake na kumhurumia.

Siku ya majibu Motomoto alivaa shati la mikono mirefu, akapiga viatu rangi, akafika mpaka benchi la nje ya chumba cha daktari, akakataa kuingia.

"Ingia wewe."

"Ni majibu yako, baba watoto."

"Ingia. Mimi nitayaona usoni mwako ukitoka."

Ndani, daktari alikuwa ameshayasoma. Hakumzungusha.

"Hakuna saratani kwenye vinyama vyote tulivyochukua. Ni kovu tupu."

"Sema tena."

"Kovu, mama. Si saratani. Atakuja kupanuliwa tena, huenda mara nyingi, maana kovu lile lina ukaidi. Na tutamchungulia tena baada ya miezi michache, na baadaye tena, kwa miaka. Ugonjwa huu hauagi mtu. Lakini leo haupo."

Bi Cherehani alitaka kusema ahsante. Badala yake kilio kikamtoka, cha tumboni, kile ambacho hakijui kama kuna watu. Alilia kwa ajili ya maganda, na kopo, na viti, na pedeli aliyoikanyaga ili asisikie. Muuguzi akamshika bega. Akatoka mlangoni bado analia, kanga mdomoni, neno halitoki.

Motomoto alimwona. Akasimama. Alisimama wima kabisa, kama hajawahi kuumwa, akanyoosha ukosi wa shati.

"Usiseme," akasema. "Nimeona. Njoo hapa kwanza."

Bi Cherehani alitikisa kichwa, akajaribu kusema; kikwikwi kikamkata.

"Nisikilize kabla hujasema, maana ukishasema sitaweza. Dada atakuja juu. Mwambie mimi ndiye niliyetaka kuchomwa. Hukunishika mkono, mimi ndiye niliyeshika wako. Sawa? Na mwambie kukwama nilikuficha. Mwambie hukujua kitu mpaka siku ya geti. Asitokee mtu akasema mke wake alijua akanyamaza."

Watu wa benchi walikuwa wameacha mazungumzo yao. Bi Cherehani alishusha kanga mdomoni, na neno la kwanza lililotoka halikuwa lile alilopewa na daktari.

"Nilijua."

"Mama..."

"Nilikuwa nasikia. Kila asubuhi nasikia, naendesha mashine nisisikie. Niliogopa."

"Najua kama ulijua," Motomoto alisema kwa upole. "Nilikuwa nasikia pedeli inaenda na hamna kitambaa. Ndiyo maana nasema mwambie hukujua."

Akamshika mumewe ukosi kwa mikono miwili, ule ukosi alioushona mwenyewe, akamtikisa kama anavyotikisa yeye mageti ya watu.

"Ni kovu! Ni kovu, mjinga wewe! Hakuna saratani. Amesema haipo!"

Motomoto alimtazama midomo, halafu macho, halafu mlango wa daktari. "Kovu," akasema. Mtu aliyekuwa amesimama wima kupokea kifo chake akashuka chini taratibu, mgongo ukisugua ukuta, hadi akaketi sakafuni na viatu vyake vilivyopigwa rangi vimenyooshwa mbele.

Muuguzi akatoka kuita jina lake, kwamba aingie apangiwe siku ya kupanuliwa. Motomoto alijaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu tena. "Subiri kidogo, dada," akamwambia muuguzi, "miguu imekataa." Bi Cherehani akaketi naye pale sakafuni, akamshika mkono, wakaingoja miguu.